Kujitangaza mufilisi: jibu kwa mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo

Msomaji mmoja anayeishi Kimara, mwenye duka la jumla la vitenge na mashuka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ameniandikia barua ndefu ambayo ameniruhusu niifupishe. Anasema biashara ilianza kuyumba mwaka 2023 dola ilipoadimika, mzigo aliokuwa ameulipia nusu ukakwama kwa sababu hakupata fedha za kigeni za kumalizia, na tangu hapo amekuwa akikopa huku ili alipe kule. Leo anadaiwa na benki milioni 85, ambazo nyumba ya Kimara imewekwa rehani kwa ajili yake na mke wake alitia saini ya kuridhia. Wenye mali wa Kariakoo waliompa mzigo kwa mali kauli, yaani achukue kwanza alipe baadaye, wanamdai milioni 40. Kampuni mbili za mikopo zinamdai milioni 12, na shemeji yake ndiye mdhamini wa milioni 7 kati ya hizo. Mikopo ya mtandaoni ni milioni 1.3, kikoba milioni 4, na mjomba wake milioni 3. Mdai mmoja amekwisha kushinda kesi na anatishia kumpeleka gerezani kama mfungwa wa madai. “Nimeambiwa nikijitangaza mufilisi madeni yote yanafutwa na hakuna wa kunigusa,” anaandika. “Je, ni kweli? Nyumba itapona? Na kile kiwanja changu cha Chanika, nimwandikishe mdogo wangu kabla sijaanza, au nikiuze nimlipe mjomba kwanza, maana ni damu yangu?”

Ndugu yangu, nianze na swali la mwisho, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote na pengine unalifanyia kazi wakati huu huu. Kiwanja cha Chanika usikiguse. Usimwandikishe mdogo wako, usikiuze kwa bei ya kutupa, na usimlipe mjomba kutoka humo. Nitaeleza sababu nitakapofika kwenye mahojiano ya mahakamani, lakini hata ukiacha kusoma hapa, hilo ulishike.

Sasa nirudi mwanzo. Ufilisi wa mtu binafsi nchini kwetu unaongozwa na Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo ilitungwa mwaka 1930 enzi za Mwingereza na ambayo mizizi yake inaonekana wazi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Ni sheria nzee, na uzee wake utauona katika kila hatua. Haikutungwa ili kumfuta mtu machozi. Iliwekwa ili mfanyabiashara anapozama, mali iliyobaki isichukuliwe na yule mdai mwenye mbio au mwenye mabavu, bali ikusanywe mahali pamoja na kugawanywa kwa uwiano. Nafuu yako wewe mdaiwa ipo, ila imekuja nyuma ya nafuu ya wadai wako. Kwa hiyo anayekuambia kwamba madeni “yanafutwa” siku unapojitangaza amekupa nusu ya habari, tena nusu ya mwisho, ambayo huenda ikachukua miaka kufika.

Kuingia kwenye ufilisi kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa mdai: anaweza kupeleka ombi Mahakama Kuu akionyesha kwamba umefanya tendo ambalo sheria inalihesabu kuwa ni dalili ya kufilisika, kwa mfano umeondoka nchini au umejificha ili kuwakwepa wadai, umewatangazia kwamba umesimamisha malipo, au umepewa notisi ya ufilisi juu ya hukumu na muda wake umepita bila kulipa. Zingatia hilo la kujificha, kwa sababu nimeona watu wanazima simu na kuhamia kwa ndugu Mbagala kwa miezi miwili wakidhani wanajinusuru, kumbe wanamwandalia mdai ushahidi. Mlango wa pili ni wako mwenyewe: unapeleka ombi ukieleza kwamba huwezi kulipa madeni yako. Ukishalisajili, huwezi kuliondoa bila ruhusa ya mahakama. Watu wengi hudhani wanaweza kulipeleka kama kitisho, wadai wakilegea walirudishe nyumbani. Haiwi hivyo.

Ombi ni la Mahakama Kuu na si la mahakama ya mwanzo wala ya wilaya. Kuna ada, kuna fedha ya amana ya kugharamia kazi ya mwanzo ya afisa wa serikali atakayeshika mali yako, na kuna gharama ya wakili. Ni ajabu ya sheria hii kwamba mtu anatakiwa awe na fedha kidogo ili akubaliwe kuwa hana fedha, lakini ndivyo ilivyo, na ni vizuri uzitenge mapema na kuwa na maelezo ya zilikotoka.

Mahakama ikiridhika hutoa amri ya upokezi. Hii si amri ya kukutangaza mufilisi bado. Ni amri inayoiweka mali yako mikononi mwa Mpokeaji Rasmi, ambaye kazi zake hufanywa kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ofisi ile ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa na ambayo makao yake hapa Dar es Salaam yako katika jengo lake la Mtaa wa Makunganya. Amri hutangazwa katika Gazeti la Serikali na gazeti la kawaida. Hapo siri inaisha. Mwenye fremu jirani atajua, mwenyekiti wa kikoba atajua, na mwalimu wa watoto huenda naye akajua.

Faida ya amri hiyo ndiyo inayokuvutia wewe, na ni ya kweli. Kuanzia siku hiyo mdai asiye na dhamana hawezi kukuandama wewe wala mali yako kwa deni ambalo linaweza kuthibitishwa katika ufilisi, wala kufungua kesi mpya juu yake, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Yule anayetishia kukufunga analazimika kupanga foleni na wenzake. Lakini kuhusu kifungo hicho chenyewe naomba nikupunguzie hofu kidogo. Kudaiwa mkopo si jinai, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya marejesho. Kifungo cha madai kinatoka katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, ni lazima kiwe kimeamriwa na mahakama baada ya kukuita ujieleze, hakizidi miezi 6, na mdai mwenyewe ndiye anayelipia posho yako ya kujikimu ukiwa ndani. Ukitoka deni liko pale pale. Kwa sababu hiyo wadai wengi wanaopiga hesabu hugundua kwamba kukufunga ni kutupa fedha nzuri kufuata mbaya. Wanaofungwa mara nyingi ni wale ambao mahakama imeona wana uwezo wa kulipa na wamekataa, au wameficha mali. Ukipeleka ombi la ufilisi kwa lengo tu la kukwepa hukumu ya mdai mmoja, wakati hali yako kwa wengine ni shwari, jaji ataliona hilo, na atakuwa na haki ya kulikataa.

Benki ni habari nyingine kabisa. Mdai mwenye dhamana haguswi na zuio hilo. Nyumba ya Kimara ipo chini ya rehani, mke wako aliridhia kwa maandishi kama Sheria ya Ardhi inavyotaka, na kwa hiyo benki inaweza kuendelea na mnada wake hata kama RITA imeshika kila kitu kingine ulicho nacho. Hapa ndipo matumaini ya wengi yanapovunjika, kwa hiyo nisikufiche: ufilisi hautaiokoa nyumba hiyo. Kinachoweza kuiokoa ni mazungumzo ya kupanga upya marejesho, na muda wake ni sasa. Benki inapaswa kwanza kukupa notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, kisha kabla ya mnada wa ardhi dalali atoe tangazo la wazi kwa siku zisizopungua 14. Siku hizo 60 ndizo soko lako. Ukienda na mnunuzi wako mwenyewe anayetoa bei ya kawaida, benki nyingi hukubali, kwa sababu mnada una gharama na kesi zake. Na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, hadi ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo tafuta mthamini aliyesajiliwa kabla ya mnada, usisubiri baada ya nyundo kugonga.

Nafungua mabano kwa wasomaji wengine. Mtu ambaye nyumba anayoishi na familia haikuwekwa rehani ana kinga katika Sheria ya Mwenendo wa Madai: mdai aliyeshinda kesi ya kawaida hakamati nyumba ya makazi ya mdaiwa na familia yake. Kinga hiyo haihami yenyewe kwenda kwenye ufilisi, ambako orodha ya vitu vinavyosamehewa ni fupi mno: zana za kazi, nguo na matandiko ya mufilisi na familia yake, tena kwa thamani yenye ukomo. Kwa hiyo mwenye nyumba isiyo na rehani anaweza, kwa kukimbilia ufilisi, kuiweka mezani nyumba ambayo pengine hakuna mdai ambaye angeifikia. Amuone wakili kabla ya kusogea hatua moja. Nafunga mabano.

Baada ya amri ya upokezi utatakiwa, ndani ya siku chache sana, kuwasilisha maelezo ya kiapo ya mali na madeni. Kila mdai kwa jina na mahali alipo, kiasi, tarehe, dhamana, na sababu ya kufilisika kwako. Kazi hii ndiyo inayowashinda wafanyabiashara wa Kariakoo, kwa sababu nusu ya biashara ipo kichwani na nusu nyingine ipo kwenye daftari la kaunta. Kuna mteja wangu mmoja aliyekuja ofisini na kiroba cha stakabadhi, akakimimina mezani, na tukatumia siku tatu kupanga karatasi ambazo baadhi wino wake ulikwisha kufutika kabisa na kubaki nyeupe. Aliyekuwa amemkopesha milioni mbili alikuwa ameandikwa “Baba Zai, Jangwani” na basi. Anza leo kutoa nakala za risiti za mashine, omba taarifa za benki za angalau miaka mitatu, na chukua taarifa za miamala ya simu yako, maana huko ndiko fedha nyingi za duka hupita bila kuacha alama nyingine. Miaka mitatu siitaji kwa kubahatisha: kutokuwa na vitabu vya biashara vya kipindi hicho ni miongoni mwa mambo yanayoweza kukunyima kuachiliwa baadaye, yaani kutolewa na mahakama katika hali ya ufilisi.

Kisha huitishwa mkutano wa wadai. Hapo unaweza kupendekeza maafikiano, kwa mfano kulipa sehemu ya kila deni kwa awamu katika miezi 24. Pendekezo likikubaliwa na wadai walio wengi kwa idadi na wanaoshikilia robo tatu ya thamani ya madeni yaliyothibitishwa, na mahakama ikaliidhinisha, linawafunga hata waliopinga, na huenda usitangazwe mufilisi kabisa. Kwa mtu wa hali yako, mwenye duka ambalo bado linauza, naona hii ndiyo shabaha ya kulenga. Wenye mali wa Kariakoo si watu wabaya. Wanataka kuona nani analipwa kwanza na kwa nini. Wakikuona mezani, na daftari liko wazi mbele ya afisa wa serikali, lugha yao hubadilika.

Sasa mahojiano ya hadharani. Unasimama mahakamani, unaapa, na Mpokeaji Rasmi na wadai waliothibitisha madeni yao wanakuuliza. Maswali hayana makuu. “Mwezi Machi ulitoa benki shilingi milioni 6 kwa siku moja. Zilikwenda wapi?” Ukijibu kwamba ulilipa ada za watoto, utaulizwa ni shule gani, ni muhula gani, na stakabadhi iko wapi. “Kirikuu chako cha kubebea mizigo kiko kwa nani?” “Nani alilipa kodi ya fremu mwaka huu?” Majibu yako huandikwa, unayasoma au unasomewa, unatia saini, na yanaweza kutumika dhidi yako baadaye. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kisheria, ingawa nyaraka nyingi za eneo hili bado utazikuta kwa Kiingereza. Mwombe wakili akufafanulie kila karatasi kabla ya kuapa juu yake.

Ni katika kizimba hicho kiwanja cha Chanika kinapofufuka. Atasimama mwenye mali mmoja na kuuliza: “Mwaka jana ulinionyesha hati ya mauziano ya kiwanja cha Chanika ukaniambia ndicho kinga yangu. Kiko wapi?” Ukiwa umemwandikishia mdogo wako bila malipo ya kweli, uhamisho huo unaweza kubatilishwa na kiwanja kikarudi kwenye kapu la wadai. Mdogo wako ataitwa kutoa maelezo, na kama alijenga msingi amejenga juu ya mchanga. Wewe utakuwa umefanya kosa la jinai la kuficha au kuondoa mali kwa nia ya kuwadhulumu wadai, na hapo ule uhakika wangu kwamba deni si jinai unakwisha. Kumlipa mjomba nako kuna jina lake: ni kumpendelea mdai mmoja. Malipo yaliyofanywa na mtu asiyeweza kulipa madeni yake, kwa nia ya kumtanguliza mmoja mbele ya wenzake, muda mfupi kabla ya ufilisi, yanaweza kutenguliwa na mjomba akadaiwa azirudishe. Hebu fikiria afisa anabisha hodi kwa mjomba wako akitaka milioni 3 ambazo mzee amekwisha kuezekea nyumba. Dawa ya deni ni kulipa, tunasema, ila mtu aliyekwisha kuzama hana tena uhuru wa kuchagua nani alipwe.

Maafikiano yakishindikana, mahakama inakutangaza mufilisi na mali yako yote inahamia kwa mfilisi, yaani msimamizi wa kuikusanya na kuigawa, ambaye anaweza kuwa Mpokeaji Rasmi mwenyewe au mtu aliyeteuliwa na wadai. Hebu tupige hesabu kwa makadirio uliyonipa, ukijua kwamba ni mfano tu. Tuseme benki imeuza nyumba kwa milioni 70. Milioni 15 zilizobaki inakuja kuzidai kama mdai wa kawaida. Kikoba unadaiwa milioni 4, lakini una hisa za milioni 2.5 humo humo, na kwa kuwa kila upande unamdai mwenzake, hesabu hizo hukatwa na kikoba kinabaki na dai la milioni 1.5. Ukijumlisha na wenye mali, kampuni za mikopo, mikopo ya mtandaoni na mjomba, madai yasiyo na dhamana yanafika milioni 72.8. Upande wa mali kuna kiwanja milioni 9, mzigo wa dukani milioni 8 na kirikuu milioni 7, jumla milioni 24. Toa gharama za ufilisi, tuseme milioni 3. Toa mishahara ya vijana wako wawili wa dukani na kodi ya TRA, ambazo sheria inazitanguliza, tuseme nazo milioni 3. Zinabaki milioni 18 za kugawa. Kila mdai anapata karibu shilingi 25 kwa kila 100 anazodai. Mjomba wa milioni 3 anaambulia kama laki saba na elfu arobaini. Ndiyo, mjomba na kampuni ya mikopo kwa kipimo kimoja.

Kuna jambo moja jema kwako katika hesabu hiyo. Kwa mgawo huo, riba inahesabiwa hadi tarehe ya amri ya upokezi. Mikopo kausha damu, ambayo deni lake hukua usiku ukiwa umelala, inasimama. Aidha mdai lazima athibitishe dai lake, na mfilisi anaweza kulikataa au kulipunguza. Mkopeshaji ambaye hana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 atakuwa na kazi ya kueleza amekuwa akikopesha kwa mamlaka ya nani. Na wale wa mtandaoni wanaotuma ujumbe kwa watu wote waliomo kwenye simu yako kwamba wewe ni tapeli, hao huna haja ya kusubiri ufilisi ili kuwashughulikia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekupa mahali pa kulalamika, ambapo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi picha za ujumbe huo kabla ya kubadilisha simu.

Maisha ya mufilisi ambaye hajaachiliwa yana mipaka, na ni bora uijue. Huruhusiwi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Huruhusiwi kukopa kuzidi kiwango kilichowekwa bila kumwambia anayekukopesha kwamba wewe ni mufilisi, wala kufanya biashara kwa jina jingine ukificha jina ulilofilisikia. Mali utakayoipata kabla ya kuachiliwa nayo inaweza kuingia kwenye kapu, na hili huwashitua wengi linapohusu mirathi: mzee akifariki na fungu lako la nyumba ya familia likatoka wakati huo, fungu hilo halitakuwa lako. Unaruhusiwa kufanya kazi na kula jasho lako, ingawa mahakama inaweza kuagiza sehemu ya kipato iende kwa wadai.

Kuachiliwa hakuji chenyewe kwa kupita muda, kama ilivyo katika baadhi ya nchi. Wewe ndiye unayeomba, mfilisi anatoa ripoti juu ya mwenendo wako, wadai wanasikilizwa, na jaji anaweza kukuachilia, kukataa, kuahirisha kwa muda au kuweka masharti. Anaangalia kama mali yako haikufikia nusu ya madeni yasiyo na dhamana, na yako, kwa hesabu yetu, haifiki. Kama uliendelea kukopa ukijua huwezi kulipa. Kama ulicheza kamari. Kama hukuweka vitabu. Kwa lile la nusu una utetezi mzuri ikiwa utaonyesha kwamba upungufu ulitokana na mambo ambayo huwezi kulaumiwa kwa haki, na mzigo uliokwama kwa kukosekana dola ni jambo la namna hiyo, mradi uwe na nyaraka za agizo, malipo ya awali na barua za benki. Lile la kukopa huku ili ulipe kule litakuwa gumu zaidi kulieleza. Kwa hiyo nakusihi mkopo wa leo uwe wa mwisho. Ukiachiliwa, madeni yaliyostahili kuthibitishwa yanakwisha, isipokuwa machache kama yale yaliyotokana na udanganyifu.

Kwa ujumla, ningekuwa katika nafasi yako, ningeanza na benki wiki hii, kisha niwaite wenye mali na kampuni za mikopo mezani nikiwa na hesabu ya shilingi 25 kwa 100 mkononi, niwaonyeshe kwamba wakinisukuma kwenye ufilisi watapata hizo, na wakikubali awamu huku duka likiwa wazi wanaweza kupata 50 au 60. Makubaliano hayo yaandikwe, wote watie saini, na masharti yawe yale yale kwa kila mmoja. Ombi la Mahakama Kuu liwe tayari kwenye faili la wakili, likisubiri matokeo.

Limebaki jambo la shemeji, ambalo hukuliuliza. Kuachiliwa kwako hakumwachilii mdhamini wako. Kampuni iliyokukopesha milioni 7 kwa dhamana yake itapata kwenye mgawo kama milioni 1.7, na milioni 5 na ushee zilizosalia itamfuata yeye, hata siku ambayo wewe utakuwa huru kabisa. Katika barua yako umesema bado hajui chochote na kwamba mwezi ujao anachukua mkopo wa kazini ili apaue nyumba yake ya Kivule. Mpigie kabla hajatia saini.